Mzizi wa Majaribio

Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, na waliosimama mbele yake walikuwa wawili.

Nyemo Ndahani alikuwa ameshafungua kufuli yake. Mzee Lugendo, mkurugenzi wa karakana, alikuwa ameshafungua ya kwake. Ya tatu ilining'inia pale imenuna, na mwenye ufunguo wake, Shija Kapela, fundi wa vipimo, simu yake ilikuwa ikiita mpaka inachoka yenyewe.

"Huyo Mnyamwezi wako yuko wapi?" aliuliza Mzee Lugendo.

"Wangu tangu lini, Mzee? Mimi ni mtani wake tu. Mtani hachaguliwi, anavumiliwa."

Mzee Lugendo hakucheka. Alikuwa akizunguka meza ile kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Wazo la sanduku lilikuwa la Nyemo. Mama yake alikuwa mtu wa kikoba, na sanduku la kikoba hufungwa kwa kufuli tatu zenye wenyewe watatu, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake shetani akimpitia. Humu hamkuwa na fedha. Mlikuwa na kompyuta ndogo ambayo tangu itengenezwe haijawahi kunusa mtandao, na kijiti kimoja cha kumbukumbu, cha ukubwa wa kucha. Ndani ya kijiti ndimo mlimokaa mzizi.

Enzi hizo hakuna kifaa kilichomtii mtu kwa sura yake wala kwa cheo chake. Mlango, pampu ya kisima, trekta, figo ya kuvaa kiunoni, vyote kabla ya kutii vilikuwa na swali moja: nani kakusaini? Ukionyesha hati yako, kinauliza tena: na huyo aliyekusaini, yeye alisainiwa na nani? Hivyo hivyo, kama posa ya Kigogo, ukoo baada ya ukoo, mpaka kifike kwenye mzizi ambao kiliambiwa siku ya kuzaliwa kwake kiuamini bila kuuliza. Uliokuwa ukiaminiwa nchi nzima ni Mzizi wa Taifa. Ulikaa kwenye jumba lake, una walinzi, na kupata saini yake kulichukua majuma.

Sasa niambie wewe: fundi anayetengeneza figo, amebadili kitu kidogo tu, anataka kuona kama pampu inazunguka au inakohoa, asubiri majuma? Ndipo Nyemo alipowatengenezea mzizi wao wenyewe, wa pale pale karakana. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Aliupa uhai wa miaka mia kwa sababu alichoka kuhuisha vitu, akagawa nakala kwenye kompyuta ya kila fundi, na tangu siku hiyo figo zote za mezani zikauamini kama mtoto anavyomwamini shangazi mwenye pipi. Sanduku lilikuja baadaye, ng'ombe wakiwa wameshatoka zizini.

Na walitoka kweli. Figo zilipoanza kupelekwa kwa wagonjwa, mtu mmoja alitakiwa autoe mzizi wa majaribio na kuuacha wa Taifa peke yake. Alidhani mwenzake ameutoa. Mwenzake naye hakuwa na tabia ya kumdhania mtu vibaya. Maelfu ya viuno kati ya Kondoa na Kigoma vikavaa figo zenye mizizi miwili, na hakuna aliyejua, hadi asubuhi hiyo, pale mwalimu mmoja wa Manyoni alipoinama kufunga kiatu akaona kioo cha figo yake kimeandika: SHIKAMOO. Kisha figo ikasimama. Kisha, mwalimu akiwa ameshaketi chini ubaoni mbele ya wanafunzi wake, ikaendelea.

"Kuna mtu ana nakala," Nyemo alisema. "Huyu anabisha hodi kwanza. Anaangalia kama kuna mbwa."

Dawa ilikuwa moja. Mzizi wenyewe usaini neno lake la mwisho: msiniamini tena. Neno hilo lirushwe mtandaoni, kila figo ilisikie, iutupe mzizi wa majaribio, ibaki na wa Taifa. Baada ya hapo kijiti kisagwe. Ila saini ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa linamngoja Mnyamwezi.

Shija aliingia jasho linamtiririka, ufunguo mkononi.

"Mtani, tumekungoja kama mvua," Nyemo alimrushia. "Au Tabora mmeanza kutembea kinyumenyume?"

Siku nyingine Shija angemjibu kabla hajamaliza sentensi. Angemkumbusha Wagogo walivyowatoza babu zake hongo kwa maji ya kunywa. Leo alimtazama tu.

"Nyemo," alisema, na kumwita kwa jina ndiko kulikomtisha. "Njoo nje kidogo."

* * *

Nje palikuwa na kivuli cha tangi la maji. Shija alisimama jua likimpiga, kama hakukiona.

"Unakumbuka ile figo niliyoteka?"

Alikumbuka. Ilikuwa mwaka uliopita, mchana, karakana imejaa. Shija aliichukua figo moja kwenye rafu ya majaribio, akaifunga kiunoni, akacheza nayo katikati ya meza akitangaza kwamba nyara za Wagogo ni halali yake. Mafundi walicheka mpaka wakashika meza. Nyemo mwenyewe alisema, tena kwa sauti: "Chukua, mnyang'anyi wewe, ukakojolee huko kwenu!" Mtani akishateka kitu, mwenyewe akacheka, kimekwenda. Kukidai ni aibu. Nyemo alidhani ni gamba tupu lisilo na chujio.

"Ilikuwa na chujio," Shija alisema. "Nililitia mimi. Anayo mama."

Nyemo alimfahamu Mama Kulwa kwa sauti zaidi kuliko kwa sura. Ni dalali wa asali Tabora, na kila akimpigia simu mwanawe kazini huanza kwa kuuliza kama Wagogo wake wameoga. Alizaa mapacha, Kulwa na Doto, kisha huyu Shija. Figo zake zilipokufa walimpeleka kwenye Mizani. Mizani ndiyo iliyokuwa ikigawa figo: inahesabu miaka uliyobakiwa nayo, inakulinganisha na wanaongoja, halafu inasema. Kwa Mama Kulwa ilisema hapana, na ilisema hapana pia kwa mashine za hospitali. Haikuwa na chuki naye. Mizani haina chuki na mtu, ndiyo maana huwezi hata kuitukana ukapata nafuu.

"Kwa hiyo figo yake..."

"Ni ya rafu, mtani. Mzizi wa Taifa haumo. Inauamini wako peke yake."

Nyemo aliegemea tangi. Neno la mwisho likirushwa, figo za wengine zitabaki na mzizi mmoja. Ya Mama Kulwa itabaki bila hata mmoja, na figo isiyo na wa kumwamini hujifunga. Ikishajifunga haifunguki tena.

"Tunaweza kuipandikizia mzizi mpya," alisema taratibu, akili ikikimbia mbele ya mdomo. "Ila mzizi wa zamani ndio umtambulishe mpya, tena kwa kugusana, waya kwa waya. Lazima awe hapa. Yuko wapi sasa hivi?"

"Kwenye treni. Niliposikia ya mwalimu nilimpigia, nikamwambia apande. Anaingia Dodoma alasiri."

"Na kwa nini hukuniambia mwaka mzima?"

"Ningekuambia ungefanyaje?"

Lilikuwa swali la haki.

Walipogeuka walimkuta Mzee Lugendo mlangoni. Alikuwa ameyasikia yote, na uso wake ulikuwa umezeeka kidogo.

"Figo ya mwanamke mmoja huko Kondoa," alisema. "Alikuwa anapepeta mtama. Safari hii imesimama mpaka akaanguka. Wamemmwagia maji, ameamka. Kioo kimeandika SHIKAMOO TENA."

* * *

Waliketi wote watatu kuzunguka sanduku. Lilikuwa wazi sasa. Shija alilifungua bila kuombwa, na Nyemo alijua amefanya hivyo ili asije akashawishika kutolifungua.

"Nina maelfu ya watu," Mzee Lugendo alisema. "Huyu mwizi anajifunza. Kesho, au baada ya chai, atazisimamisha zote pamoja. Rusha sasa, Nyemo."

"Na Mama Kulwa?"

Mzee alifumba macho. "Mimi sikusema kwamba hainiumi, binti yangu."

"Ifungieni hiyo figo isisikie," Shija alisema. "Karatasi ya foili, bati, chochote. Neno likirushwa yeye asilisikie, mpaka afike."

"Isiposikia mtandao kwa nusu saa inadhani imetekwa, inajifunga yenyewe." Nyemo alijishika kichwa. "Niliandika mimi hiyo. Nilipigiwa makofi."

Kisha wote watatu walifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, kwa sababu dhiki ni shule isiyo na likizo.

"Nusu saa," Nyemo alisema. "Basi tusubiri treni isogee. Ikibaki nusu saa kufika, anaifunga foili, sisi tunarusha. Akishuka tu, namgusa."

"Kusubiri huko," Mzee Lugendo alisema, "nani atakulipia? Mwanamke wa Kondoa?"

Nyemo alisaini neno la mwisho kwenye kompyuta ile isiyojua mtandao, akalihamishia kwenye kompyuta ya Mzee, akaweka kidole karibu na kitufe. Kilibaki hapo. Yeye aliyezoea kuongea kama kasuku wa harusini aligundua kwamba anahesabu pumzi zake.

"Na ujue jambo moja," Mzee Lugendo aliongeza, kwa upole. "Kila saini ya sanduku hili inabaki na jina la aliyesaini. Kuupandikiza mzizi wa mitaani kwenye mwili wa mtu ni kosa, na mimi nitaandika taarifa, kwa sababu nisipoandika mimi ataandika mwingine vibaya zaidi. Watakufutia hati yako. Hutafungua mlango wowote wa kazi nchi hii. Hata choo cha stesheni hakitakufungulia."

"Choo nimezoea porini, Mzee. Sisi ni Wagogo."

Shija alicheka kicheko kimoja kibaya, kikakatika katikati, maana simu ya Mzee iliita.

Alisikiliza amesimama. Alipoiweka chini hakuzunguka meza tena.

"Kijana wa Itigi. Dereva wa trekta. Figo imesimama, haijaendelea. Wanamkimbiza hospitali."

Nyemo alimtazama Shija. Shija alikuwa akitazama kidole chake, kile kilichokuwa juu ya kitufe.

"Mpigie mama yako," Nyemo alisema. "Muulize treni iko wapi."

Simu ilipokewa kwa kelele za behewa.

"Tumeondoka Manyoni sasa hivi!" Sauti ya Mama Kulwa ilijaza chumba. "Hao Wagogo wako wameshaoga, au nirudi?"

"Mama, una foili?" Shija aliuliza.

"Nina kuku ndani ya foili. Nimemleta kwa mtani."

"Mtoe kuku. Ifunge figo yako yote na hiyo foili, tabaka kwa tabaka, usiache hata tundu. Sasa hivi, mama. Na treni ikisimama Bahi, ushuke; Dodoma hutafika ndani ya nusu saa."

"Bahi? Kuna nini Bahi?"

"Mimi," Nyemo alisema kwenye simu. "Ukishuka nitakuwa nimesimama hapo."

Walisikia karatasi ikikwaruza. Walisikia abiria mmoja akiuliza kwa nini kuku amewekwa uchi. Kisha Mama Kulwa akasema: "Tayari. Nimekuwa kiazi cha kuchoma."

Nyemo alibonyeza.

Hapakuwa na mlio wala mwanga. Kati ya Kondoa na Kigoma figo moja moja zilisikia neno, zikautupa mzizi wa Nyemo, zikaendelea kuchuja damu za watu wasiojua kitu. Ilikuwa kazi yake ya mchana mmoja, na ilikufa kwa adabu kuliko watu wengi.

Alilibeba sanduku. "Mzee, kanuni inasema wenye funguo wasiwe mbali nalo."

"Kanuni inasema lisitoke humu."

"Basi tutavunja moja tuitunze nyingine. Gari lako linatii hati yako, siyo yangu. Tafadhali, Mzee."

Mzee Lugendo aliangalia dari, kama mtu anayetafuta shahidi, halafu akatoa hati yake mfukoni.

* * *

Njia nzima hakuna aliyetaja muda. Sanduku lilikaa mapajani mwa Nyemo kama linavyokaa mapajani mwa mwanamke wa kikoba anayerudi nyumbani, na ndani ya gari lile linalokimbia alianza kutengeneza mzizi mpya kwenye kijiti kingine. Vidole vilikuwa vikikosea. Alifuta, akaanza upya. Mwaka uliopita aliifanya kazi hii huku akila karanga.

Treni ilikuwa imeshasimama walipofika Bahi. Lango la stesheni lilimuuliza Nyemo nani kamsaini, likaridhika, likafunguka. Alikimbia. Mwishoni mwa jukwaa, kwenye benchi, palikuwa na mwanamke mnene mwenye kilemba cha njano, foili ikimetameta kiunoni, na mfuko wa kuku kando yake. Alikuwa akijipepea.

"Ndiye wewe?" alisema. "Nilidhani mrefu."

"Nionyeshe, Mama."

Nyemo alipenyeza waya chini ya foili bila kuifungua. Kwenye kioo chembamba taa ilikuwa ya njano, na ilikuwa imeanza kupepesa. Figo iliuliza swali lake: nani kakusaini? Mzizi wa zamani ukajibu. Figo ikaridhika. Ikauliza lingine: huyu mpya ni nani, na ufunguo wake anao nani?

Hilo ndilo Nyemo aliloliacha wazi njiani. Aligeuka kwa Shija, aliyekuwa amefika anahema.

"Weka jina langu," Shija alisema. "Mimi ni mwanawe."

"Asithubutu," Mama Kulwa alisema.

"Mama, taa inapepesa."

"Naiona, iko kiunoni mwangu. Sikiliza, mwanangu. Huo ufunguo unaiwasha, si ndiyo? Na kuizima unazima?" Nyemo aliitikia kwa kichwa. "Siku itakuja mwili huu umeoza mapafu, umeoza kila kitu, imebaki figo peke yake inachapa kazi kama punda asiyejua mwenye shamba amekufa. Siku hiyo wewe Shija utanililia. Kulwa atakataa, Doto atasema tungoje mjomba. Nitalala hapo nateseka mkibishana. Kwetu maiti haoshwi na anayelia. Nani anaingia kaburini kumpokea? Ni mtani. Mtani ndiye anayeweza kukutukana ukiwa umelala na kukufunika." Alimwelekezea Nyemo kidole. "Andika huyu."

"Mama, mimi leo jioni sitakuwa na hati. Sitaweza kufungua hata..."

"Nimekuuliza unachoweza kufungua? Nimekuuliza utaweza kufunga?"

Taa ilipepesa haraka zaidi. Shija alimshika Nyemo bega, akalibonyeza, akaliachia.

Nyemo aliandika jina lake.

Figo ilikaa kimya, kama mtu anayepima uzito wa mgeni mlangoni. Taa ikawa kijani, ikatulia. Mama Kulwa alianza kubandua foili, akiikunja vizuri, maana hakuwa mtu wa kutupa foili. Shija aliketi chini kwenye saruji, akafunika uso kwa viganja.

Mzee Lugendo alikuja akitembea taratibu, simu mkononi. "Kijana wa Itigi," alisema. "Anapumua. Ila hawajui kama ataamka ni yule yule." Alimtazama Nyemo kwa muda. Wote wawili walijua kidole kilikaa wapi, na kwa muda gani. "Na mimi nimeshaandika taarifa, binti yangu."

"Najua, Mzee."

Alikitoa kijiti cha zamani, akakiweka juu ya saruji, na Mzee akakisaga kwa kisigino cha kiatu mpaka kikawa unga. Mzizi mpya, na kijiti chake, Nyemo aliufunga kwenye pindo la khanga yake. Haukuwa na uzito wowote. Aliushika tena kuhakikisha kama upo.

"Mbona umenyamaza?" Mama Kulwa aliuliza. "Mwaka mzima simu yangu imejaa matusi yako."

Nyemo alitafuta la kumjibu. Alimfikiria kijana wa trekta ambaye hakuwahi kumwona, na mwili huu mnene uliojiegemeza kwake kana kwamba wamekua pamoja, na siku ambayo ataitwa Tabora, aende kwa miguu kama itabidi, akafanye alichoombwa. Matusi yote yalikuwa yamemkimbia.

"Tukana basi," alisema mama yule, sauti imeshuka. "Nijue niko hai."

"Wanyamwezi nyie," Nyemo alianza. "Babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, hawakuwahi kuiweka chini njiani. Leo nyie mmefika Bahi tu, mmechoka, mmenibebesha mimi."

Mama Kulwa alicheka mpaka figo ikatikisika, na akampa kipaja cha kuku.